Hotuba ya Kufungwa

Kocha wa lakrosi, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo zenye wavu, pale chuoni hajui kupumzisha mikono. Mazoezi yote anafuma vijiwavu vya fimbo za vijana wake kwa uzi wa kuvulia samaki alioupata kwa wavuvi wa pwani ya Bluff, huku akifoka, “Kimbia, baba! Unasubiri taxi?” Kwa misimu minne Ruphin, golikipa wake, amemwona baada ya kila mechi akivua kofia, akikohoa mara mbili na kutoa hotuba ileile ya kuwapa pole kwa kufungwa. Jumamosi wakashinda, kwa mara ya kwanza. Kocha akavua kofia, akakohoa mara mbili, akatafuta maneno mengine, akayakosa. “Vijana,” akasema, machozi yakimlengalenga, “msikate tamaa.”

“Lakini kocha, tumeshinda,” akaanza beki wao, Peguy. Ruphin akamkanyaga mguu, kisha akainamisha kichwa kama kawaida yao.