Gari lilivyogoma kuwaka mteremkoni Kirua, mke wangu akiwa na uchungu

Wakuu, habari za majukumu.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi, usukani nilikuwa nimeushika mwenyewe. Atakayeona ni chai, kwamba natunga, sawa, ila ndivyo ilivyokuwa.

Naishi Kirua Vunjo, huku mlimani. Nina gari la zamani la four-wheel, dizeli, gia za mkono, halina hata sensa moja ya kielektroniki. Nililipendea hapo hapo: likiharibika unafungua, unaona.

Tatizo likaanza taratibu. Asubuhi unageuza ufunguo, stata, ile mota ya kuwashia injini, inasema "tak", basi, kimya. Ukirudia rudia linawaka kama halijakukosea. Kisha linatulia wiki nzima.

Nikabadilisha betri. Bado.

Nikashuka nalo mjini kwa fundi umeme mmoja pale mtaa wa Soweto. Kule likawaka kila akigusa ufunguo. Akafungua stata, akaweka kaboni mpya, akaniangalia kama msumbufu.

"Bro, gari lako zima hili."

Nikapanda nalo mlimani. Kesho yake: tak. Nikaanza kuhisi linanifanyia makusudi.

Sasa kwa wasioijua huku kwetu: nyumba ziko kwenye miteremko, na karibu kila mwenye gari analilaza pua ikielekea bondeni, na jiwe mbele ya tairi. Stata ikigoma unatoa jiwe, linateremka lenyewe, unaingiza gia ya pili, unaachia klachi, injini inakamata. Baba zetu walifanya hivyo na sisi tunafanya hivyo. Kwa hiyo sikuwa na presha. Nilijiona nina stata mbili, ya kiwandani na ya mlima.

Ila mke wangu alikuwa mjamzito. Mtoto wetu wa kwanza, Neema, alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alituonya: safari hii uchungu ukianza tu njooni, mshono wa zamani ukiachia tunaweza kumpoteza mama na mtoto. Maneno hayo nilikuwa nalala nayo.

Uchungu ukaanza asubuhi moja ya masika, mvua imetoka kukatika. Neema tukamwacha kwa bibi yake. Nikamweka mke wangu kiti cha mbele, nikageuza ufunguo.

Tak.

Nikarudia. Tak. Jasho likanitoka na baridi ile yote.

"Baba Neema, toa jiwe twende," akasema huku ameuma kitenge.

Nikatoa jiwe. Likaanza kuteremka, nikaingiza gia, nikaachia klachi.

Udongo ulikuwa umelowa, utelezi mtupu. Badala ya kuzungusha injini, matairi ya nyuma yakajifunga, gari likaanza kuteleza kiubavu. Nikatoa gia ili nipate usukani, likaongeza kasi. Nikakanyaga breki, ngumu, haishuki, maana injini ikiwa imezima breki hazina msaada. Mbele kuna kona, na baada ya kona ni korongo.

Nilijua nimemuua mke wangu. Sisemi kwa kupamba. Nimesimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, namsikia anamwita Bikira Maria, mimi hata kusali nimeshindwa.

Nikalipeleka shambani kwa jirani. Likalaza migomba miwili, likagonga tuta, likasimama.

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Fanya haraka."

Nikageuza ufunguo kwa mazoea tu.

Likawaka. Mara moja!

Nikatia four-wheel, nikarudi nyuma, tukashika barabara. Hospitali nilishuka nikaliacha linanguruma, sikuthubutu kulizima. Akafanyiwa upasuaji. Mtoto wa kiume, wote wazima. Namshukuru Mungu.

Akili ilinirudia kesho yake, nimekaa nje ya wodi. Pale kwenye tuta gari lilikuwa limekaa tambarare. Kwa fundi sakafu ni tambarare. Nyumbani pua iko chini.

Niliporudi nikaingia chini ya gari na tochi. Ule waya mnene wa eathi, unaounga injini na chesesi, ulikuwa umeliwa na kutu, zimebaki nyuzi chache zinazogusana kwa bahati. Raba zinazoshika injini nazo zimechoka. Gari likiinamisha pua, injini inasogea mbele, inavuta waya, nyuzi zinaachana, stata inakosa umeme. Likikaa sawa, zinagusana tena.

Yaani kule kulilaza kuelekea bondeni, tulikokuona ndio usalama, ndiko kulikokuwa kunaikata stata.

Nikaweka waya mpya na raba mpya. Halijagoma tena.

Nilichojifunza: gari likigoma leo na kesho likikubali, kabla hujanunua chochote angalia linagomea wapi na limekaaje. Eathi icheki mapema. Na kushtua gari kwa mteremko siyo matengenezo, wakuu. Unaahirisha tu, na siku litakapokugomea huichagui wewe.

Wenye magari ya zamani wa Machame, Rombo na kwingineko, semeni yenu. Mafundi nikosoeni, sitanuna.

Mimi hofu imepungua. Mke wangu bado. Gari linawaka vizuri kila siku, lakini hapandi mpaka alisikie linanguruma. Anasimama pembeni, mtoto mgongoni, Neema amemshika mkono. Nikimwambia limeshapona ananijibu, "Washa kwanza."