Simba wa Kasha la Chai

Kwa miaka ishirini na sita Johana arap Maritim alipigilia misumari makasha ya chai. Siku kiwanda kilipoamua kufunga chai kwenye magunia ya karatasi, meneja alimwita ofisini, akampa mkono na saa ya ukutani. Saa yenyewe ilikuwa ya plastiki. Mtu aliyetengeneza makasha yaliyovuka bahari bila kulegea pembe hata moja, akashukuriwa kwa plastiki! Johana aliibeba hadi nyumbani kwake, ng'ambo ya Kapkatet, akaitundika chooni.

"Huko ndiko kunakoifaa," alimwambia mkewe, Tecla.

Hata hivyo hakurudi mikono mitupu. Nyuma ya kiwanda zilibaki mbao za makasha, zile pana na nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, zikingoja kuchomwa. Aliziomba, wakamcheka, wakampa. Mtu akikupa kitu huku anakucheka, chukua upesi kabla hajapata akili.

Tecla alikuwa na cherehani ya miguu iliyovunjika kichwa. Johana alikitoa kichwa, akaacha kanyagio na gurudumu. Juu yake akafunga mikono miwili ya mti wa mutarakwa, na katikati ya mikono hiyo akavuta msumeno mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Ukikanyaga, msumeno unapanda na kushuka, na ubao unauzungusha kwa vidole utakavyo. Ukitaka kukata tundu la ndani, unatoboa kwanza kwa kekee, unapitisha msumeno ndani ya kitundu, unaufunga tena, unaendelea. Ni kazi ya subira. Ndiyo maana vijana hawaijui.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kuipenda kazi ya mshahara. Kila asubuhi, baada ya kukamua na kupeleka maziwa barabarani, alikaa barazani akakata. Alikata tawi la chai lenye majani mawili na chipukizi. Alikata kinyonga, akakata kofia ya mke wa mchungaji ikiwa na manyoya yake yote. Harufu ya chai ilikuwa bado imelala ndani ya mbao, na msumeno ulipopita iliamka, akaivuta puani kama mtu aliyepokea barua.

Jirani yake Alfayo Owiti, mtu wa ziwani aliyekuwa akilisha moto tanuri la kiwanda kilekile, alipita kila Jumapili kumchokoza.

"Omera, mzee mzima unakata vipepeo?"

"Na wewe mzee mzima unapakia kuni motoni. Nani kati yetu anabaki na kitu jioni?"

"Mimi nabaki na mshahara."

"Ngoja wakupe saa."

Wengine walikuja wakitaka awakatie mioyo yenye majina ya wapenzi, au maneno ya kukaribisha wageni, kana kwamba mgeni asiyekaribishwa kwa mdomo atakaribishwa na ubao. Aliwafukuza. Nyumba hazina tena kigoda kilichochongwa kwa gogo moja, zina viti vya sponji vinavyokohoa vumbi, halafu mwenyewe anataka moyo ukutani!

Mwaka wa tisini na sita, binti yake Caren, aliyekuwa akifundisha Sigor, alileta mchumba. Jina lake Weldon, karani wa ofisi moja mjini Kericho. Zamani baba wa msichana hakumwona kijana kwanza. Walikuja wazee, wakakaa, wakaulizwa ukoo wao na mnyama wa ukoo, na kabla ya hapo mtu alikwisha kutumwa kimyakimya kuchunguza kama wanasema kweli. Huyu alikuja peke yake, amebeba mkate na amevaa tai.

Aliitazama mashine, akatabasamu kwa huruma.

"Mzee, nimesoma kwenye gazeti kwamba huko Ulaya wanakata mbao kwa mwanga. Mwanga tu. Hakuna msumeno."

"Mwanga?" Johana alisema. "Basi jua lingekuwa seremala, nasi tungekwisha kuwa vumbi la mbao."

Kijana alicheka, naye Johana akamwonea huruma kidogo. Baba yake alifariki Weldon akiwa mdogo, naye akakulia katika shule za bweni.

"Sisi hapa ni watu wa korongo, ndege mwenye taji," Johana akamwambia. "Nyinyi mnyama wenu ni nani?"

Weldon alikuna shingo. Akatazama viatu vyake vilivyong'aa. "Simba, mzee."

Johana alifurahi kuliko ilivyompasa. Simba! Tangu siku ile hakuwa na kazi nyingine. Alichagua ubao bora kuliko zote, akabandika mchoro kwa uji mzito, akaanza. Korongo upande wa kushoto, na taji lake la manyoya yaliyosimama, simba upande wa kulia, na katikati yao nyasi ndefu. Kila unywele wa simba ulitaka kitundu chake cha kekee. Wiki tatu alikata, akasugua kwa msasa, akapaka vanishi. Tecla alimwambia anakula kama ndege, akajibu kwamba korongo naye ni ndege.

Siku ya koito, yaani siku ya kuposa, ubao ulitundikwa juu ya viti vya wageni. Weldon alifika na wenzake watatu wa ofisini, mmoja akiwa na kamera. Msemaji wao alikuwa Mzee Kimeli, ndugu ya marehemu baba yake, mtu mwembamba mwenye fimbo. Hakukuwa na mwingine wa kumsemea kijana. Caren alisimama mlangoni pa jikoni na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na Alfayo, aliyealikwa kama jirani, alikuwa wa kwanza kupewa.

Mzee Kimeli hakuketi. Alitazama ukutani.

"Huyu simba amekuja na nani?"

"Amekuja nanyi," Johana alijibu, akijaa kifua.

"Nasi? Sisi ni watu wa chura. Babu yangu hakumkanyaga chura. Baba yangu hakumkanyaga. Mimi mvua ikinyesha nafungua mlango apite."

Maziwa yalimtoka Alfayo puani.

Mzee Kimeli alimgeukia kijana. "Weldon. Hukujua?"

Ingekuwa heri angesema hakujua. Lakini alikuwa na uongo mmoja tu, na alikwisha kuutumia. "Nilijua, baba. Lakini hawa wenzangu… chura anachekwa."

"Basi aliyeona haya ya ukoo wake hana ukoo wa kumposea," mzee alisema. Akanyanyua fimbo. "Twendeni."

Caren alikiweka kibuyu chini, akageuza uso ukutani. Johana aliona. Aliona pia jambo jingine, nalo lilimchoma zaidi. Yeye, aliyewalaani vijana kila Jumapili mbele ya Alfayo, hakumtuma mtu kuuliza. Kijana alitaja simba, naye akameza, kwa sababu simba angependeza ukutani. Angeambiwa chura, pengine angekata maua tu. Walikuwa wajinga wawili, mmoja mwenye tai na mmoja mwenye mvi.

"Mkwe, ngoja," alimwambia Mzee Kimeli. "Nipe muda wa ubao mmoja."

Aliushusha ubao, akaupeleka barazani, akaketi kwenye mashine. Wote walitoka kutazama. Alikanyaga, na msumeno ukapita katikati ya nyasi, polepole, bila kutetereka, hadi simba akaanguka upande wake na korongo upande wake. Wiki tatu! Hakuutazama uso wa mtu. Alichukua kipande kingine cha kasha, akakiweka juu ya meza ya mashine, akasimama.

"Keti, Weldon. Mkate chura. Hapa mbele ya baba yako na mbele ya hao wenzako. Hatutaji ng'ombe wa mahari mpaka nimwone huyo chura."

"Mzee, mimi sijui hii kazi."

"Hata simba hukumjua, na ulimtaja."

Weldon alivua koti, akaketi. Msumeno wa kwanza ulikatika kabla hajamaliza mdomo. Wa pili ulikatika mgongoni. Mwenye kamera aliinua kamera, kisha akaishusha alipoona macho ya Mzee Kimeli.

"Usisukume ubao," Caren alisema, akiwa amesogea karibu. Alikuwa ameichezea mashine ile kila likizo. "Acha msumeno ule wenyewe. Wewe kanyaga tu."

"Mkono wako usiguse," Johana akamwonya.

"Siugusi, baba. Nasema tu."

Ilichukua misumeno saba. Shati la kijana lilimganda mgongoni, na tai akaitupa begani isiingie kwenye gurudumu. Mwishowe chura alitoka. Alikuwa mnene, jicho moja kubwa kuliko la pili, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umebaki kwenye vumbi la mbao. Mtoto wa chekechea angeona haya.

Mzee Kimeli alimpokea kwa mikono miwili. Akamgeuza, akampuliza vumbi.

"Ni kilema," akasema.

"Ni kilema," Johana akakubali. "Lakini ni wenu?"

Mzee alipitisha kidole kwenye lile jicho kubwa. "Ni wetu."

Akaingia ndani, akaketi. Johana alimtundika chura kwenye msumari uleule, karibu na korongo aliyebaki na nyasi nusu, wawili wasiolingana hata kidogo. Jikoni Tecla alilalamika kwamba kuni zimelowa na chai haichemki. Johana aliokota simba kutoka barazani, akamvunja gotini, akampeleka jikoni mwenyewe. Aliwaka vizuri, kwa sababu ya vanishi.