Huyu Si Wako Tena

Yule msichana nilimkuta darasa la tano, shule ya msingi moja huko Chilangala, Newala. Kitabu kimoja kilisomwa na watoto watano, na nafasi ziligawanywa kwa ubabe. Yeye alikuwa mdogo wa mwili, kwa hiyo walimsukuma ng'ambo ya dawati, kitabu anakiona kichwa chini miguu juu. Siku moja nilimwambia asome kutoka palepale. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikamgeuzia kitabu nikidhani namsaidia, naye akasoma kwa kasi ileile.

Kwenye hesabu ndiko aliponitia adabu. Nikikosea ubaoni hakusema neno. Alisubiri wenzake watoke, kisha akaja kuninong'oneza, "Mwalimu, ule mstari wa tatu." Hakuwahi kuniaibisha mbele ya watu.

Ikaja fomu kutoka juu: tuorodheshe wanafunzi wenye vipaji. Mwalimu mkuu akaandika mpira, ngoma na kwaya, akagonga muhuri. Nikamuuliza, na mwenye akili je? Akaniambia fomu haina nafasi ya hiyo. Nilikasirika nikaacha chai yangu mezani. Nikajiapiza kwamba huyu mtoto nitambeba mwenyewe.

Miaka miwili nilimfundisha baada ya vipindi, kwa mitihani ya zamani niliyoikusanya shule hadi shule. Nilitaka afaulu la saba, achaguliwe kwenda shule ya wasichana wenye vipaji maalumu, ya bweni, mikoa ya mbali. Nilikuwa na hakika naye kuliko nilivyokuwa na hakika na mshahara wangu.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani nikaenda kwao. Mama yake alikuwa uani anabangua korosho, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Mume alishafariki, na mtoto alikuwa huyo huyo mmoja. Nilikuwa nimevaa shati la kanisani. Nikamweleza habari za shule ya mbali, kisha nikamalizia kwa maneno niliyoyaona matamu:

"Mama, huyu mtoto si wako tena. Ni wa taifa."

Kwetu Masasi maneno hayo ni baraka. Mimi ni mjukuu wa mtu wa misheni. Babu alichukuliwa na wamisionari angali mdogo, akarudi mwalimu, na hadi leo Krismasi haipiti bila kusimuliwa habari hiyo. Mama yake babu alilia kiasi gani, hilo hakuna aliyewahi kulisimulia, wala mimi sikuwahi kuuliza.

Mama yule aliinamia korosho zake. "Ahsante, Mwalimu," alisema. Akanifungia kidogo kwenye karatasi, nami nikarudi njia nzima nikizitafuna na kujisifu.

Matokeo yalipobandikwa nililitafuta jina lake juu, nikashuka nalo hadi mkiani. E mstari mzima, kila somo. Mtihani wenyewe ni wa kuchagua, unasiliba herufi ya jibu kwa penseli. Hata asiyejua kitu akisiliba hovyo atabahatisha mawili matatu. Nilijua amefanya makusudi, na sikujiuliza kwa nini. Nilijiona nimetemewa mate.

Kesho yake tulikutana njiani, ana ndoo ya maji kichwani. Akapiga goti kidogo, maji yasimwagike, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nilimpita. Huku kwetu hata mgomvi wako huitikiwa. Mimi sikumwitikia mtoto wa miaka kumi na minne.

Baadaye nilihamishiwa Masasi, nikastaafu. Mwaka huu nilikuwa hospitali ya Mkomaindo, kwenye benchi la kliniki ya presha, mwanamke mmoja akaja mbele yangu na kupiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nilimtambua kwa lile goti. "Marahaba," nikasema. Akaketi benchi la mbele, tukitazamana. Alikuwa na binti yake wa miaka kama saba. Nikamuuliza mama hajambo. Akasema alishamzika, alimuuguza mwenyewe hadi mwisho.

Nikashindwa kujizuia. "Mwanangu, ule mtihani."

Alitazama mikono yake. "Mama alisema Mwalimu kasema mimi si wake tena. Alisema nikifaulu watanichukua, naye atabaki na nani? Alilia siku tatu, Mwalimu. Basi nikamwahidi."

"Kwa hiyo ulisiliba tu."

"Hapana. Nilifanya maswali yote kwanza, nikapata majibu. Halafu nikasiliba mengine. Nikarudia mara mbili, nisije nikakosea nikapata."

Miaka yote nimekuwa nikimlaumu mama yake kwa watu, kwamba ujinga wa wazazi umeua kipaji. Nimelisema hilo hata kanisani. Kumbe sumu niliipeleka mimi, kwa miguu yangu, nimevaa shati safi. Nililia palepale, mzee mzima, wagonjwa wakageuza macho pembeni.

Kadi yangu ya kliniki ilikuwa imelala magotini. Yule mtoto, kutoka upande wao, alikuwa akiikodolea macho. Akaanza kusoma polepole maelezo ya dawa yaliyoandikwa, neno kwa neno, hadi akaufikia mstari wa mwisho. Kadi ilikuwa imenielekea mimi.

Nikainua uso. Mama yake alikuwa ananitazama, akaona nimeona. Akamvuta mtoto karibu, akamwekea kiganja mdomoni taratibu.

"Mwalimu," akasema, kwa adabu ileile ya zamani, "nakuomba. Usije nyumbani."