Boga la Shilingi Elfu Nne

Kanisa letu la Ganda lina desturi ninayoipenda sana. Mwenye pesa hutoa pesa. Asiye nazo huleta alichovuna: mihogo, nazi, mchicha, hata kuku. Ibada ikiisha, vitu hivyo hunadiwa pale nje na pesa zake huingia kwenye sadaka. Watu hutaniana, hucheka, na mama aliyeleta mafungu mawili ya mchicha hurudi nyumbani akijua kuwa naye ametoa.

Jumapili hiyo nilikuwa na shilingi elfu tano mfukoni. Tulikuwa tumeuza korosho, na kesho yake tungelipia kuunganishiwa bomba la maji. Miaka sita mke wangu alikuwa akiteka maji mbali.

Likanadiwa boga. Boga la kawaida tu, la shilingi mia moja sokoni. Nikasimama, nikasema mia mbili. Nyuma yangu jirani yangu, mwenye duka la saruji na mabati, akasema mia tano. Nikageuka, nikamwona anatabasamu.

"Elfu moja," nikasema.

"Elfu na mia tano. Vipi mwalimu, mshahara umechelewa?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Damu ikanichemka, na sitakuficha, ilikuwa tamu! Kila nilipopandisha, makofi. Elfu mbili. Elfu tatu. Nilijiona mkarimu, karibu mtakatifu. Nikafika elfu tatu na mia tano.

"Elfu nne," akasema jirani.

Nilikwisha kufungua mdomo niseme tano, mke wangu akaninong'oneza, "Baba watoto, unampa Mungu au unampa yule?"

Sadaka yangu nilikuwa nimeitoa ndani ya kanisa, kwa moyo mweupe, na hakuna aliyeniona. Hii ya sasa ilikuwa nini? Nikajipima kwa swali dogo, nawe unaweza kulitumia siku yoyote: jirani angenyamaza, ningeongeza hata shilingi? Nisingeongeza. Basi zile pesa hazikuwa zikimtumikia Mungu, wala mke wangu. Zilikuwa zimenikalia kichwani, zinaniendesha.

Nikakaa.

"Mwalimu kaishiwa," mnadi akatangaza, na watu wakacheka tena. Nami nilicheka kwa nguvu kuliko wote. Mwili ulikuwa mwepesi, nikatamani kukimbia kuuzunguka uwanja. Sikujua kwamba kushindwa kunaweza kumfurahisha mtu hivyo, na pesa za bomba bado ziko mfukoni mwake.

Baadaye jirani alitufuata, boga kwapani, jasho likimtoka.

"Ndugu yangu, mbona uliniacha? Nilikuwa nangoja useme tano nikae."

"Sasa nyumbani utasemaje?"

"Ndilo ninalowaza." Akalitazama boga, kisha akamgeukia mke wangu. "Shemeji, siku nyingine ukimaliza kumnong'oneza huyu, uje uninong'oneze na mimi."