Fundi Cherehani Kwenye Benchi la Mahakama

Fundi cherehani wa mtaani kwetu huongea huku amebana pini mdomoni, nawe ukamwelewa vizuri tu. Mguu wake wa kulia hautulii. Hata siku tuliyomsindikiza mahakamani, aliukanyagisha sakafuni kama anayeshona. Jamani, angeachaje? Kaka yake alikuwa amemshtaki, anaitaka cherehani aliyoiacha marehemu mama yao, na bila cherehani ile fundi wetu, dada mtu, hana kazi. Hakimu hakuwa na mengi: mdai ameonywa, ada ya kufungulia kesi hajalipa, shauri limefutwa. Mguu ukatulia. Nje kwenye korido kaka mtu alisimama kainamisha kichwa, kifungo cha shati kinaning'inia kwa uzi. Dada akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake.

"Simama wima, kaka."

"Umefurahi kunishinda."

"Nimekushinda wapi? Wewe hukulipa ada. Tulia nisikuchome." Akashona, akakata uzi kwa meno, akampapasa kifua kulinyoosha shati, kama anavyowafanyia wateja wote. "Na suruali imefumuka nyuma, mahakama nzima imeona. Iletwe kesho."

Kaka akajishika nyuma haraka, akatutazama sote, kisha akamtazama dada yake.

"Saa ngapi?"