Benchi la Nyuma na Mkao wa Maiti

Mimi ndiye niliyemtoa binti yangu kanisani. Miaka kumi na minne iliyopita nilisimama mbele ya baraza la wazee wa kanisa letu hapa Thika, nikasema nimemwona akipigia sanamu magoti kule Membley, alikokuwa akifundisha yoga. Sikuona sanamu yoyote. Nilichungulia dirishani nikaona watu sita wamelala chali kwenye mikeka, basi. Lakini nilikuwa mzee mpya wa kanisa, nikataka ionekane siogopi kumwadhibu hata wa kwangu. Akatolewa kwenye kwaya, akawekwa benchi la nyuma, akanyimwa meza ya Bwana mpaka atubu. Hakutubu. Aliacha kuja.

Mwaka jana mgongo ulinishika. Nilibeba marobota ya vitambaa kiwandani miaka mingi, na sasa hata soksi nilivaa nikiwa nimelala. Binti yangu alikuja na gari, akanipeleka kwake Ruiru.

"Leo hatunyooshi kitu, Baba," aliniambia asubuhi ya kwanza. "Tunaanza na sheria mbili."

"Na mkeka umetandika wa nini?"

"Wa kukaa. Ya kwanza, usidhuru, hata mwili wako. Ya pili, sema ukweli. Wahindi wa kale waliziweka hizo kabla ya mkao wowote."

Nikajikohoza. Yeye alikuwa akinyoosha pembe ya mkeka.

Yoga anayofundisha inaitwa hatha, nayo haina haraka. Unaingia kwenye mkao polepole, unatulia humo, pumzi ndiyo inayoongoza. Mimi nilivuta vidole vya miguu kama mtu anayefunga gunia.

"Unashindana na nani?"

"Na wewe."

"Basi umeshinda. Rudi nyuma, pumzi yako imekatika. Ukiwa imara lakini unaumia, hujafika."

Mwisho wa kila somo tulilala chali, viganja juu, bila kusogea. Huo ni mkao wa maiti. Siku ya kwanza nilipolala hivyo ndipo nilipotambua kile nilichokiona dirishani. Machozi yaliniingia masikioni.

"Nilidanganya," nikasema.

"Najua, Baba. Nilikuwa ndani."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, na mzee wa kanisa ni wewe?"

Niliporudi Thika nikitembea wima, habari zilikuwa zimenitangulia. Baraza likaniita.

"Tunasikia siku hizi wewe ni Mhindi," mwenzangu mmoja alisema. "Kilemba umeacha wapi?"

"Nimekuwekea wewe. Kipara chako ndicho kinachopigwa na baridi."

Wakacheka, wote isipokuwa mchungaji. Alinisogezea karatasi. Niandike kwamba nilikwenda kutibiwa tu, kwamba mambo ya yoga nimeyaacha na ninatubu, nibaki na uzee wangu wa kanisa. Huo uzee niliupenda. Niliupenda kuliko binti yangu, na hiyo ndiyo aibu yangu.

Nikaandika toba, lakini si ile waliyoitaka. Niliandika kwamba nilimsingizia mwanangu, na kwamba mkeka nitautandika kila asubuhi mpaka nizikwe. Nikaomba isomwe kanisani, kama adhabu yake ilivyosomwa.

"Hii siwezi kuisoma," mchungaji alisema. "Na itakuondoa barazani."

"Niondoeni. Nitaisoma mwenyewe."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama nikaisoma bila miwani, maana nilikuwa nimeikariri. Mtu akapiga kelele niketi. Sikuketi hadi nilipofika neno la mwisho. Kisha nikapita katikati ya watu wote, nikaenda kukaa benchi la nyuma.

Hapo ndipo ninapokaa mpaka leo. Binti yangu hajaja, wala sina haki ya kumwomba aje. Benchi hilo halina mahali pa kuegemea. Mimi huketi wima, navuta pumzi polepole, na anayegeuka kunitazama namtazama vilevile.