Mzee Aroni na Ngazi za Mabatini

Kwa miaka thelathini na minne Mzee Aroni alilala chini ya malori ya watu. Alikuwa fundi wa springi pale Uyole, kando ya barabara kuu, na hakuna dereva wa njia ile asiyemjua. Walimtajia Lubumbashi, walimtajia Mwanza, naye akawajibu kutoka chini ya lori wampe spana. Springi ilivyochoka ilimwonyesha lori limetoka mbali kiasi gani. Yeye mwenyewe alikuwa hajafika popote.

Kwa hiyo mwanawe Amos, mwalimu wa sekondari huko Mwanza, alipomtumia nauli aje amwone mjukuu, mzee hakuulizwa mara mbili. Alibeba gunia la viazi, mkungu wa ndizi na koti la baridi, akapanda basi. Walipopita Iringa akauona mji umekaa juu kule kilimani, akamwambia abiria mwenzake kwamba watu wa mji ule lazima wana magoti mazuri. Maskini, alikuwa hajaiona Mwanza.

Mwanza ni mawe! Mawe makubwa kuliko kanisa, yamepandana kana kwamba aliyekuwa akiyapanga aliitwa kwenda kula. Na juu ya mawe hayo, nyumba. Nyumba hadi kileleni, za bluu, za njano, zisizopakwa kitu, kila moja imejishikiza kwenye mwamba wake, na chini kabisa ziwa limelala hadi macho yanachoka. Kule Mabatini alikokaa Amos gari halifiki; watu hupanda kwa ngazi za mawe. Kila tofali na kila mfuko wa saruji ulipanda kwa kichwa cha mtu. Mzee alipapasa msingi wa nyumba ya mwanawe, akaona jinsi ulivyong'ata jiwe, akatikisa kichwa. "Watu hawa si wa mchezo," alisema, na kwa fundi kama yeye sifa hiyo haitoki kirahisi.

Sasa, Mzee Aroni ni Mnyakyusa wa kale. Kwao mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, na wakikutana njiani mke hupisha. Baba mkwe naye hukohoa mapema ili mkwe apate kujificha. Hiyo ndiyo heshima, na hudumu mpaka baba mkwe mwenyewe aifungue kwa zawadi, kwa kawaida ng'ombe. Tupokigwe, mke wa Amos, aliishika vilivyo. Siku ya harusi alikuwa amefunikwa, macho chini. Tangu hapo miaka mitatu, hata walipokuja likizo Uyole, mzee alikuwa hajawahi kusikia hata chafya yake. Alijivunia sana mkwe huyo. Ndiyo maana Amos alimpangia babake chumba kwa jirani, Mama Kabula, na kila jioni akamletea mjukuu, Frida wa miezi minne, amkumbatie.

Mchana mzee alikuwa na kiti chake: jiwe moja tambarare palipopinda ngazi, mahali penye kuona ziwa lote. Akishakunywa chai tu, yuko hapo. Aliwasalimu wabeba saruji, aliwasalimu akina mama wa dagaa, alitazama meli zikiingia, akaona dunia ni tamu.

Siku ya nne Mama Kabula akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mzee, hapo ulipokaa umeona nini?"

"Mama, nimeona ziwa! Nimeona na visiwa!"

"Mkweo umemwona?"

"Mwiko huo, mama. Simwoni."

"Basi mimi namwona. Bomba liko chini, njia ya kupanda ni hii moja, na wewe umekaa juu yake kutwa. Anapanda na ndoo kwa mawe ya nyuma, mtoto mgongoni. Siku ya nne leo."

Mzee alizunguka nyuma ya nyumba. Hapakuwa na njia. Palikuwa na mawe yanayoteleza kwa maji yaliyomwagika, na pa kukanyaga hapatoshi hata nusu ya wayo. Alitazama chini, akajishikiza kwenye mwamba. Mjukuu wake alipitishwa hapa ili yeye atazame meli!

Akamkumbuka Esta, marehemu mkewe. Miaka tisa Esta alimpikia baba mzazi wa Aroni bila kuonana naye. Mzee yule alipokufa, Esta akalia kwa sauti msibani, na wajomba wakageuka kuuliza mwanamke huyu ni nani. Siku ile Aroni aliona fahari. Leo ilimchoma. Baba yake aliondoka duniani bila kuijua sauti ya mtu aliyemlisha.

Akashuka ngazi. Kwenye bomba palikuwa na wanawake saba au wanane, na kati yao mmoja, alipomwona tu, akageukia ukuta na kujifunika kanga mpaka kichwani. Mtoto mgongoni akabaki anamchekea babu yake.

Safari hii mzee hakukohoa. Alisogea.

"Tupokigwe, mwanangu. Geuka."

Tupokigwe akazidi kuivuta kanga.

"Najua unaogopa watasemaje kwetu. Watasema mimi ndiye nimefungua, na mimi ndiye mwenye kufungua. Sina ng'ombe hapa. Atafuata nikifika Uyole, na hawa dada zako ni mashahidi. Lakini kule nyuma usipande tena, mama. Nakuomba. Mimi ndiye niliyekosa."

Ndoo ilijaa, ikaanza kumwagika, na hakuna aliyefunga bomba. Polepole kanga ikashuka. Tupokigwe akageuka, akainua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama baba mkwe wake tangu kofia hadi viatu, kisha tena tangu viatu hadi kofia.

"Ugonile, tata," akamwamkia Kinyakyusa. Sauti yake ilikuwa nzito, nzuri. Halafu, kabla hajajizuia: "Kumbe baba ni mfupi! Kwa kikohozi kile, mimi miaka yote nilijua ni mrefu."

Bomba zima likaangua kicheko. Mzee Aroni naye alicheka, akacheka, mpaka akalazimika kuuegemea ukuta, maana alikuwa ameshaanza kulia.